Familia Moja, Vyumba Vitatu: Malazi ya London Mwezi wa Julai

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Machi au Aprili, simu yangu hulia kwa jambo lile lile. Mzazi ana mtoto anayemaliza chuo London. Mahafali ni Julai. Nauli ya ndege imepatikana kwa taabu, na nguo ya sherehe iko kwa fundi. Swali analoniuliza ni moja: "Ndugu yangu, wewe ulikwenda na familia nzima. Mlilala wapi?"

Leo nataka kulijibu swali hilo kwa kirefu, kwa sababu jibu letu la kwanza, mwaka 2023, liliigharimu familia yetu fedha ambazo hazikurudi.

Tuanze na sababu za ughali wenyewe. Julai na Agosti ni majira ya joto Ulaya. Shule za Uingereza hufungwa katika wiki za mwisho za Julai na hazifunguliwi hadi Septemba. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon huchukua wiki mbili hivi za mwanzo wa Julai. Vyuo navyo hufanya mahafali wakati huo huo, na kila mhitimu ana wazazi. Watu wote hao wanatafuta kitanda kimoja. Na hoteli za siku hizi hazina bei iliyobandikwa ukutani kama gesti zetu. Bei hupanda na kushuka kila siku, kufuatana na vyumba vilivyobaki. Chumba ulichokiona asubuhi kwa bei fulani, jioni chaweza kuwa na bei nyingine.

Sababu ya pili inatuhusu sisi zaidi. Chumba cha hoteli London kimepangwa kwa watu wawili. Huku kwetu familia ikizidi, mkeka hutandikwa na mambo yakaisha. Kule idadi ya watu huandikwa wakati wa kulipia, na hoteli haikubali kichwa cha ziada. Hata vile vinavyoitwa vyumba vya familia, katika hoteli nyingi za bei ya kati, ni vya watu wazima wawili na watoto wawili. Ukija na mama mkwe, au na shangazi, tayari unalipia chumba cha pili.

Sisi tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, wa miaka 13 na 8, pamoja na dada yangu mkubwa. Mhitimu alikuwa binti yake. Wazo letu la kwanza lilikuwa la Kiswahili kabisa: tufikie kwa mtoto. Lakini mtoto mwenyewe alipanga nyumba na wanafunzi wenzake wanne, na mkataba wao haukuruhusu wageni wa kulala siku nyingi. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule jembe lingemwangukia mwenyeji wetu.

Hapo ndipo dada yangu alipoingia kwenye mtandao peke yake. Baada ya siku tatu akanipigia simu kwa furaha: "Mdogo wangu, nimepata nyumba. Vyumba viwili, jiko, sebule, na ni karibu na chuo." Bei ilikuwa chini ya nusu ya hoteli. Mwenye nyumba alisema yuko safarini, na kwamba wateja wengine walikuwa wakiisubiri. Alitaka arubuni ya pauni 300, itumwe moja kwa moja kwake. Dada yangu akaituma, zaidi ya laki nane za Tanzania, fedha za kikoba.

Nikamwomba binti apite aitazame. Jioni akanipigia. "Mjomba, nimeufika mtaa. Namba za nyumba zinaishia 42. Hiyo yenu ni namba 60. Haipo." Yule mwenye nyumba hakupokea simu tena. Dada yangu alinyamaza siku mbili, kisha akasema nguo mpya hashoni, atavaa kitenge cha harusi ya mwaka uliopita.

Ndugu wasikilizaji, nyumba za kupanga kwa siku chache zipo London, na nyingi ni za kweli. Lakini zina sheria zake. Tangu mwaka 1973 sheria ya jiji hilo ilizuia nyumba za kuishi kugeuzwa malazi ya muda mfupi bila kibali. Mwaka 2015 ililegezwa: mwenye nyumba anaweza kuipangisha kwa wageni kwa usiku usiozidi 90 katika mwaka. Kwa hiyo mtu anayekuambia mmalizane nje ya mtandao, ama ni tapeli, ama ana jambo analolikwepa. Lipa kwa kadi ya benki, kupitia mtandao wenyewe, ili likitokea la kutokea uwe na pa kudai. Kama una mtu London, mwombe akaione nyumba kabla senti haijatoka.

Baada ya hasara hiyo tulikaa mezani na daftari. Tuliandika njia tatu kwa usiku sita.

Njia ya kwanza ilikuwa hoteli ya kawaida karibu na Russell Square, katikati ya mji. Chumba kilikuwa pauni 180, nasi tulihitaji vitatu. Hizo ni pauni 540 kwa usiku, yaani 3,240 kwa safari nzima. Na nyingi ya hoteli za eneo lile ni nyumba za kale zilizo wima kama ngazi, vyumba vyembamba, na mara nyingi hazina lifti.

Njia ya pili ilikuwa hoteli iliyo upande wa uwanja wa ndege wa Heathrow. Chumba kilikuwa pauni 95, vitatu 285, jumla 1,710. Hapo ndipo wengi hushangilia na kulipa. Sisi tulitaka kulipa. Lakini mke wangu akauliza, "Na kula je?" London hugawanywa katika kanda za nauli. Katikati ni kanda ya kwanza, Heathrow ni ya sita. Kila siku ni safari ya kama saa moja kwenda na saa moja kurudi, nauli ya juu, na hakuna jiko. Mlo mmoja wa mkahawani kwa watu watano haukushuka chini ya pauni 60. Weka milo miwili kwa siku sita, na ule unafuu unapungua sana.

Njia ya tatu hatukuijua hadi binti alipotuambia. Wanafunzi wakiondoka kwa likizo, mabweni ya vyuo vingi hubaki matupu kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba, na vyuo huyakodisha kwa wageni. Tulipata vyumba viwili vya watu wawili na kimoja cha mtu mmoja, vyenye jiko la pamoja, upande wa Stratford, mashariki mwa mji, ilikofanyika Olimpiki ya mwaka 2012. Vyote vitatu vilikuwa pauni 210 kwa usiku, jumla 1,260. Si anasa. Kitanda ni chembamba, na feni ilibidi tuiombe. Mabweni mengine hayapokei watoto, kwa hiyo uliza mapema na utaje umri wao. Lakini asubuhi mke wangu alipika chai na mayai, na jioni tulikula ugali. Unga tuliununua soko la Ridley Road, Dalston, ambako vyakula vya Kiafrika vimejaa, na ni treni moja tu kutoka Stratford.

Yapo pia mabweni ya wasafiri ya shirika la hosteli za vijana, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1930. Jina lisikutishe. Wazee hupokelewa, na familia huweza kukodi chumba kizima chenye vitanda vya juu na chini. Kwa mwezi wa Julai, hivyo ndivyo huisha upesi.

Kuhusu nauli, mtoto aliye chini ya miaka 11 hupanda basi bure, na treni za chini ya ardhi bure akiwa na mtu mzima aliyelipa. Kwa yule wa miaka 13 tulimwomba mfanyakazi wa stesheni aweke punguzo la watoto wageni kwenye kadi ya Oyster. Akalipa nusu. Basi nalo ni rahisi kuliko treni: mwaka 2025 nauli ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja unaweza kubadili mabasi bila kulipa tena.

Limebaki jambo linalowakwamisha wengi, nalo ni viza. Maombi ya viza ya matembezi ya Uingereza hayapokelewi zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua wiki tatu. Anayesafiri tarehe 10 Julai hawezi kuomba kabla ya tarehe 10 Aprili. Akingoja jibu ndipo atafute chumba, ni Mei, na vyumba vya bei nafuu vimekwenda. Akilipa mapema bila haki ya kufuta, viza ikakataliwa, fedha zimepotea. Dawa yake ni kushika chumba mapema, Januari au Februari, kwa masharti ya kufuta bila faini, na kuhakikisha kwamba siku ya mwisho ya kufuta inakuja baada ya siku unayotarajia jibu la viza. Bei yake huzidi kidogo. Ilipe hiyo tofauti. Wanaokwenda Paris au Roma wajue kwamba huko mambo ni tofauti: viza ya Schengen hudai uthibitisho wa mahali utakapolala.

Kwa hiyo, mzazi unayenisikiliza, usiulize bei ya kitanda peke yake. Chukua daftari, andika kitanda, chakula na nauli ya siku nzima kwa kila kichwa, halafu ndipo ulinganishe. Fanya hivyo kabla ya kumwambia yeyote kwamba umepata.

Siku ya mahafali chuo kilitoa kadi mbili tu za wageni. Waliingia dada yangu na mke wangu. Mimi na watoto tulikaa kwenye nyasi nje, tukiitazama sherehe katika simu na kula chapati zilizopikwa alfajiri katika jiko la bweni. Dada yangu alitoka ukumbini analia, na kitenge chake cha zamani kikapigwa picha kuliko majoho ya maprofesa.