Mkopaji au mdhamini? Jinsi kompyuta inavyowatofautisha

Katika soko la Kabati, kwenye barabara itokayo Kitui kuelekea Migwani na Mwingi, mfanyabiashara anayetaka mkopo wa chama cha akiba hutafuta wanachama wenzake wamdhamini. Kesho huenda naye akamdhamini mmoja wao. Mtu yule yule, basi, huonekana mara mbili katika daftari la chama: hapa ni mdaiwa, pale ni mdhamini. Karani anayemfahamu hawezi kukosea. Kompyuta hukosea isipoelezwa.

Hifadhidata nyingi hupanga habari katika majedwali, kwa utaratibu uliopendekezwa na Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970. Wanachama wana jedwali lao, mikopo jedwali lake, na kila mkopo hubeba nambari ya mwanachama aliyeuchukua. Nambari hiyo ndiyo kiungo. Ugumu huanza pale majedwali hayo mawili yanapohitaji kiungo cha pili, cha udhamini.

Chukua Django, mfumo wa kutengenezea tovuti uliozaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005 (sisi wa magazetini tuna haki ya kujivunia). Kwa kila kiungo, mfumo huo hujitungia jina la njia ya kurudi, kutoka kwa mwanachama hadi kwenye mikopo yake. Viungo viwili vikipata jina moja, hutangaza mgongano na kugoma. Dawa ni mtayarishaji kutaja majina mwenyewe, kwa mfano "mikopo_aliyochukua" na "mikopo_aliyodhamini".

Hata hivyo, majina hayatoshi. Mkopo mmoja huweza kuwa na wadhamini kadhaa, na kila mmoja akaahidi kiasi chake. Kiasi hicho si sifa ya mwanachama wala ya mkopo. Ni cha uhusiano wenyewe. Hivyo huundwa jedwali la tatu, la udhamini, lenye mkopo, mdhamini na shilingi alizoahidi. Likikosekana, siku mkopo usipolipwa huwa vigumu kuonyesha ni nani akatwe akiba yake, na kwa kiasi gani.

Tangu toleo la 2.0 la Desemba 2017, Django humlazimu pia mtayarishaji kueleza kitakachotokea rekodi ya mwanachama ikifutwa. Akiamuru kila kilichoungwa nayo kifutwe, mkopaji atakayeondolewa ataondoka na deni lake. Akichagua ulinzi, mfumo utakataa kumfuta mtu yeyote ambaye bado ameandikwa katika mkopo au udhamini.