Msimbo wa Zamani Nao Una Mwenyewe



Wakati wa maandalizi ya mafunzo ya vikundi vya kuweka na kukopa hapa Kongwa, kijana mmoja anayejitolea alituletea programu ya kompyuta ya kukokotoa riba na marejesho. Ilifanya kazi vizuri. Tulipomwuliza ameipata wapi, alijibu kuwa aliinakili mstari kwa mstari kutoka kitabu cha mwaka 1986 kisichouzwa tena, akairekebisha kidogo, akafuta jina la mwandishi na kuweka la kikundi. "Ni ya zamani, tena imeshachapishwa," alisema. Kamati iligawanyika, na vikundi vilikuwa vinasubiri. Kwa kuwa swali hili laweza kuzifikia kamati nyingine, tumeona vema kulieleza.

Kwanza ni sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa andiko, sawa na kitabu. Ulinzi wake hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hivyo msimbo wa mwaka 1986 bado una mwenyewe, hata kama kitabu hakipo madukani. Mwandishi kuwa mgeni hakubadilishi jambo, kwani Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994.

Pili, kinacholindwa ni maandishi, si wazo. Kanuni ya kukokotoa riba ni ya watu wote. Aliyejifunza kwa jirani namna ya kupanda mtama kwa mistari hana deni. Aliyevuna mtama wa jirani analo.

Tatu, ipo njia halali ya kutumia kazi ya wengine, nayo ni ruhusa. Programu ya ofisi ya StarOffice ilitokana na kampuni ya Kijerumani, Star Division, iliyoanzishwa mwaka 1985. Sun Microsystems iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, na mwaka 2000 ikautoa msimbo kwa leseni huria. Kwa ruhusa hiyo, mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Hata hivyo, leseni huria nayo ina masharti: jina la mwenye kazi halifutwi, na leseni yenyewe huambatana na nakala.

Kijana wetu alikifunga kitabu, akaandika programu upya kwa kanuni aliyoielewa. Mafunzo yalichelewa wiki mbili. Wapo walionung'unika, lakini amri ya saba haimlindi mwenye ng'ombe peke yake.

Tunaziomba kamati ziulize mambo matatu kabla ya kupokea programu yoyote: Nani aliiandika? Ametoa ruhusa gani? Jina lake lipo? Wafadhili wetu hudai stakabadhi ya kila mfuko wa saruji, nasi huitoa. Programu nayo iwe na stakabadhi yake.