Tyubu kutosha kwenye taa si kigezo cha kuendana na choki

Moshi

KULINGANA kwa urefu wa tyubu na taa yake si uthibitisho kwamba vifaa hivyo viwili vinaweza kufanya kazi pamoja. Wakazi wa Moshi na vitongoji vyake wanaofuga samaki wa mapambo wanapaswa kulizingatia hilo kabla ya kubadilisha taa za matangi yao, kwa kuwa kosa dogo huunguza vifaa na kuleta hatari ya umeme karibu na maji.

Ndani ya tyubu ya florosenti mna gesi na zebaki kidogo. Gesi hiyo ikishaanza kupitisha umeme, upinzani wake hupungua, na mkondo ungeongezeka hadi kuiharibu tyubu kama usingedhibitiwa. Kazi ya choki ni kuudhibiti mkondo huo. Stata nayo hupasha moto nyuzi zilizo katika ncha mbili za tyubu, kisha hukata njia ghafla, na choki hutoa msukumo wa volti nyingi unaoiwasha taa.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha kulinganisha ni mkondo, si urefu. Tyubu ya futi nne ya wati 36 huhitaji takriban ampea 0.43. Tyubu nene ya zamani ya wati 40 hutumia kiasi hicho hicho, ndiyo maana ile ya wati 36 huweza kuchukua nafasi yake bila choki kubadilishwa.

Lakini ipo tyubu ya wati 32, inayotumika zaidi Marekani, yenye urefu na pini zilezile, ambayo huhitaji takriban ampea 0.27 tu. Ikifungwa kwenye choki ya wati 36 husukumiwa umeme uliozidi kiwango chake. Huweza kung'aa sana mwanzoni, lakini ncha zake huwa nyeusi mapema na maisha yake hufupika.

Kwa mwenye tangi la futi mbili anayetaka mwanga zaidi kwa ajili ya mimea ya majini, choki moja ya wati 36 huweza kuendesha tyubu mbili za wati 18 zilizounganishwa mfululizo. Choki nyingi huandikwa hivyo ubavuni. Sharti lake ni kwamba kila tyubu iwe na stata yake ya aina ya S2, si S10 ambayo ni ya tyubu inayowaka peke yake.

Tyubu nyembamba za T5 za wati 24 au 54, zenye kipenyo cha milimita 16, zina utaratibu tofauti. Hizo zilibuniwa kwa choki za elektroniki, ambazo huziendesha kwa zaidi ya hezi 20,000 badala ya hezi 50 za umeme wa TANESCO. Hazipaswi kulazimishwa kwenye choki ya kawaida.

Katika maeneo ya miinuko kama Marangu, Machame na Kibosho, baridi ya Juni hadi Agosti huongeza tatizo jingine. Tyubu huwaka kwa shida katika baridi na mwanga wake hupungua. Volti zikishuka pia, stata hujaribu tena na tena, tyubu hupepesa na nyuzi zake huchakaa. Kufunga choki ya wati nyingi zaidi si tiba. Inayofaa ni choki ya elektroniki inayokubali viwango mbalimbali vya volti.

Taa ya tangi iliyoagizwa kutoka nchi zinazotumia volti 120 isichomekwe moja kwa moja kwenye volti 230 za hapa nchini. Choki iwekwe mbali na mvuke wa maji, sehemu za chuma ziunganishwe na waya wa ethi, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, umeme ukiwa umezimwa.

Mwaka 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana kusitisha utengenezaji na biashara ya tyubu za florosenti za matumizi ya kawaida ifikapo mwisho wa 2027. Anayenunua choki mpya leo hana budi kulipima hilo. Tyubu za LED ndizo zinazochukua nafasi, lakini nazo zina masharti: zile zilizotengenezwa kwa choki ya kawaida huja na kifaa maalumu cha kuwekwa mahali pa stata, na si zote zinazokubali choki ya elektroniki. Kanuni inabaki ileile: soma maandishi ya choki kwanza, kisha ununue tyubu.