Mgeni wa Pasaka Hapigi Hodi

Alifika akiburura begi la magurudumu. Ilikuwa asubuhi ya Pasaka, katika kanisa moja lililo kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, nami nilikuwa nimealikwa kuwatazama wahudumu wa mlangoni wakiwa kazini, maana hiyo ndiyo kazi ninayoifundisha. Kijana wa getini akapitisha mashine ya kukagulia juu ya begi, mashine ikalia, begi likafunguliwa mbele ya watu: nguo, viatu, mfuko wa korosho za kupeleka nyumbani. Mwenye begi akalifunga, akasema asante, kisha akageuka akaenda kuingojea ndege yake kwingine. Hakuna aliyemkosea adabu. Ila katika dakika zote zile hakuna aliyemwambia karibu.

Nimemfikiria sana mtu yule, kwa sababu wadi ya Airport, hapa Changamwe, ni mahali pa watu kama yeye. Upande mmoja kuna uwanja wa ndege, upande mwingine bandari ya Kipevu, na hapa katikati malori yanayobeba mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo. Tangu mwaka 2017 treni ya Madaraka Express imekuwa ikishusha abiria Miritini, si mbali na hapa, na Pasaka hufuatana na siku mbili za mapumziko ya kitaifa, Ijumaa Kuu na Jumatatu, na mara nyingi na likizo za shule pia. Makanisa ya mitaa mingine hupata mgeni mmoja mmoja. Ya Changamwe hupata safu nzima za nyuso zisizojulikana, na wengi kati yao hawatarudi Jumapili inayofuata. Ukimkosa leo, umemkosa.

Tatizo letu linaanzia kwenye desturi nzuri. Nyumbani mgeni hupiga hodi, mwenyeji akajibu karibu. Mgeni ndiye anayeanza, na mwenyeji hana haraka. Kanisani milango i wazi, spika zinaunguruma, kwaya imeshasimama. Mgeni apige hodi wapi, na nani amsikie? Kwa hiyo anangoja aitwe, nasi tunangoja abishe. Wahudumu ninaowafundisha nawaambia neno moja kabla ya mengine yote: mlangoni mwa kanisa mpangilio unageuka, mwenyeji ndiye anayeanza. Salamu itangulie mashine.

Mashine yenyewe siipingi. Walio wageni Mombasa huenda wasijue ilikotoka. Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia katika kanisa dogo huko Likoni na kuwapiga risasi waumini wakiwa ibadani. Wiki nne baadaye ilikuwa Pasaka. Mwaka uliofuata, Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, yakatokea mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa. Baada ya hapo geti la kanisa halikuwa geti tena. Likawa kituo cha ukaguzi. Anayedai ukaguzi uondolewe hakuwa hapa wakati huo.

Lakini ukaguzi una adabu zake. Mwanamke akaguliwe na mwanamke. Begi kubwa lifunguliwe pembeni, mwenyewe akiwapo, kisha apewe hiari ya kuketi nalo au kuliacha ofisini. Anayekagua atazame uso kwanza, begi baadaye. Na mama wa buibui aliyekuja kuona mtoto wa jirani yake akibatizwa asipapaswe mara mbili wakati mama wa kitenge anapapaswa mara moja. Jambo hili hutokea, na wanaolifanya hawajui kwamba wanalifanya. Mgeni ndiye anayejua.

Akishaingia, anakutana na mtihani wa pili: wapi akae. Kila kanisa lina mabenchi yenye wenyewe. Hayana majina, lakini jaribu kuketi safu ya tatu karibu na feni uone utakavyotazamwa. Nimewahi kumsikia mzee wa kanisa akimwambia mgeni, kwa upole kabisa, kwamba hapo pana mtu. Mtu mwenyewe hakuwa amefika. Alifika baada ya somo la pili.

Hapo huwa nauliza: mwenyeji wa kanisa la Mombasa ni nani hasa? Mmisionari Krapf alitia nanga hapa mwaka 1844, mgeni. Mkewe na mtoto wao mchanga walifariki mwaka huohuo na kuzikwa ng'ambo, upande wa bara. Waliofuata na kuliendesha kanisa la Rabai, akina William Jones na Ishmael Semler, walikuwa Waafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wakalelewa India, kisha wakarudishwa Afrika Mashariki mwaka 1864, nao wageni kwa watu wa Rabai. Frere Town huko Kisauni ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokuwa wamenyang'anywa makwao, na kengele yao ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Hata mwaka 1997, ghasia zilipozuka Likoni, maelfu ya waliofukuzwa nyumbani walikimbilia kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la hukohuko. Kanisa la pwani limejengwa na watu waliofika bila kwao. Safu ya tatu karibu na feni haina mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hunigombanisha na wachungaji wengi. Baada ya matangazo, mwenye kipaza sauti husema: wageni wetu wasimame, watuambie majina na wanakotoka. Watu hupiga makofi, wimbo wa kuwakaribisha huimbwa, wote hufurahi isipokuwa wageni. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Maana yake anaonekana hata akijificha. Hahitaji kusimamishwa ili aonekane. Kati ya wageni wa Pasaka yumo aliyeacha kanisa miaka kumi iliyopita na amekuja kuchungulia. Yumo aliyefiwa. Yumo mke aliyekuja bila mume, na hataki kuulizwa. Ukiwasimamisha unawaambia wote watatu kwamba kuingia kwao kuna malipo, na malipo ni habari zao.

Mwaka wa kwanza niliposema hivi, kasisi mmoja alinijibu kwamba bila kuwasimamisha hatajua idadi yao. Nilimwambia ayahesabu mahamri yaliyoliwa baada ya ibada.

Badala yake, mpe kila mgeni mtu wa kukaa naye. Asiwe mhudumu mwenye utepe; awe muumini wa kawaida anayejua ibada na asiyependa maneno mengi. Kazi yake ni kusema polepole: sasa tunasimama, wimbo uko ukurasa huu, ibada itaisha saa tano, choo kiko nyuma ya ukumbi. Hilo la saa si dogo. Mtu mwenye ndege ya mchana hawezi kusikiliza mahubiri huku akikisia urefu wake. Na injili ya Pasaka yenyewe, ile ya njia ya Emau katika Luka, inawahusu watu wawili waliotembea na mgeni mwendo mrefu, wakamwalika mezani, na jina lake wakalijua mwisho.

Mambo mawili huyo jirani wa benchini lazima ayajue vizuri. La kwanza ni mkesha. Kwa Wakatoliki, na kwa baadhi ya Waanglikana pia, ibada kuu huanza usiku wa Jumamosi, nje, gizani, kwa kuwashwa moto na mshumaa wa Pasaka, kisha masomo mengi na ubatizo. Mgeni asiyeelezwa atadhani umeme umekatika, na Changamwe si vigumu kudhani hivyo. La pili ni Meza ya Bwana. Wakatoliki huwapa komunyo Wakatoliki waliojiandaa. Waanglikana huwakaribisha waliobatizwa ambao hushiriki katika makanisa yao. Makanisa mengi ya Kipentekoste humwachia mtu dhamiri yake. Kila kanisa lina sababu zake na simwambii yeyote abadilishe. Ninachoomba ni kwamba yasemwe mapema, kwa sauti ya kawaida, pamoja na lile ambalo mgeni anaweza kufanya: abaki ameketi bila aibu, au asogee amekunja mikono kifuani apokee baraka. Kumrudisha mtu akiwa tayari amenyoosha mkono ni jambo ambalo hatalisahau.

Kuna pia mgeni mwenye msafara wa magari. Kuhusu huyu kanisa la kale lilikuwa na jibu bora kuliko letu. Didaskalia, kitabu cha taratibu kilichoandikwa Syria katika karne ya 3, kinaagiza kwamba mheshimiwa akiingia wakati askofu anahubiri, askofu asikatize neno. Watu wengine wampe nafasi. Lakini akiingia maskini, hasa mzee, na nafasi hakuna, askofu mwenyewe ampishe, hata ikibidi akae chini sakafuni. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipowazuia wanasiasa kuhutubia katika makanisa ya Kianglikana, Septemba 2021, wengine waliona kama jambo jipya. Ni la zamani. Mwanasiasa ni mgeni: apewe kiti, apewe kitabu cha nyimbo, asipewe kipaza sauti.

Neno fupi kuhusu majirani zetu Waislamu. Pasaka hufuata mwezi: ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, ndiyo maana huhama kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Ramadhani nayo huhama, na miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, Pasaka iliangukia ndani yake. Makanisa yaliyokuwa na busara yalihamishia chai na mahamri ndani ya uwanja badala ya kuyapanga getini, mbele ya madereva wa bodaboda waliofunga. Desturi hiyo ingefaa kubaki hata miaka ambayo hakuna anayefunga, kwa sababu chai ya ndani humfanya mgeni aketi, na akiketi atazungumza bila kuulizwa.

Na sasa walinzi. Makanisa mengi hapa huwa na ibada ya alfajiri siku ya Pasaka, inaanza saa kumi na moja. Mtaa huu umejaa walinzi wa usiku: wa maghala, wa yadi za makontena, wa maegesho ya malori, na zamu yao huisha saa kumi na mbili asubuhi. Hupita getini mwa kanisa wamevaa sare, macho mekundu, ibada ikiwa katikati, na hawaingii. Hakuna aliyewakataza, lakini mtu mwenye jasho la usiku haingii katikati ya wimbo na kutafuta kiti mbele ya watu waliooga. Mwezi wa Aprili jua la Mombasa huchomoza saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi. Wazee wa kanisa, mkikutana kupanga Pasaka ijayo, anzeni ibada wakati huo. Wawekeeni safu moja karibu na mlango, na ndoo ya maji ya kunawa uso.