Karatasi ya Picha na Jua la Nyanda za Juu

Mpiga picha asafishaye kazi yake mwenyewe katika chumba cha giza, awe Mbeya au Iringa, hana budi kujua kwamba karatasi za picha, ijapokuwa zote hupakwa chumvi za fedha zenye kuhisi nuru, hutofautiana kwa ukali, na ukali huo huandikwa kwa nambari, tangu 0 iliyo laini hadi 5 iliyo kali mno, 2 ikihesabiwa kuwa ya wastani. Filamu iliyopigwa adhuhuri penye nguzo za Isimila, karibu na Iringa, ambako jua hutupa vivuli vyeusi tititi, hutaka nambari 1. Bali ile ya mawingu ya masika huko Mbeya, wakati kilele cha Loleza hakipambanuki na mbingu, hutaka 3 au 4, la sivyo picha itatoka kijivu kama maji ya majivu.

Mwenye fedha haba, kwa rai yangu, asirundike maboksi ya kila nambari: anunue karatasi ya ukali wa kubadilika, kama ile ambayo Ilford ya Uingereza iliitoa mwaka 1940, ambayo kwa kichungi cha manjano hulainika na kwa cha zambarau hukolea. Iliyofunikwa plastiki husuuzwa dakika chache tu. Isiyo na plastiki, ambayo naipenda zaidi, yaweza kudai saa nzima ya maji.

Tena baridi ya Juni isisahauliwe: dawa ikishuka chini ya nyuzi 20 hulegea, hata mtu akailaumu karatasi isiyo na hatia, ilhali beseni la maji ya moto chini ya trei lingetosha.