GMAT au GPA: Nani Bingwa wa Kutabiri Masomo ya MBA?

1. Mkongwe wa ulingoni
GMAT, mtihani wa kujiunga na uzamili wa biashara (MBA), ulianza Marekani mwaka 1954. Tanganyika ilikuwa bado miaka 7 ipate uhuru, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) cha Mtaa wa Shaaban Robert, hapa Kivukoni, bado miaka 18 kianzishwe. Mzee huyu yuko ulingoni hadi leo.

2. Mbio kali kuliko zote
Maswali 64, dakika 135. Chukua dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga: dakika 90, mapumziko 15, na nyongeza 30 mechi ikifika huko. Jumla 135 barabara! Kila swali linapata takriban dakika 2 na sekunde 7 tu. Alama ya juu kabisa ni 805.

3. Ushahidi mzito kuliko wote
Mwaka 2007 watafiti Kuncel, Credé na Thomas walijumlisha matokeo ya sampuli 402 zenye wanafunzi 64,583. Kivuko cha MV Magogoni, chenye uwezo wa abiria 2,000, kingehitaji safari 33 kuwavusha wote kwenda Kigamboni! Shindano lilikuwa hili: nani anatabiri vizuri zaidi alama za uzamili, GMAT au GPA (wastani wa alama) ya shahada ya kwanza? GMAT ikashinda. Lakini kombe lilikwenda kwa wawili hao wakicheza pamoja.

Kwetu hiyo ni habari nzito, maana kwa kawaida mlango wa uzamili hufunguliwa na GPA, kuanzia 2.7 kati ya 5. Kwa maoni yangu, tumemweka benchi mchezaji mzuri.

Hata hivyo, nguvu za GMAT zina kikomo. Uwiano wake na alama za darasani uko chini kidogo ya 0.5, yaani unaeleza takriban sehemu moja kwa tano ya tofauti kati ya wanafunzi. Tena hayo ni makadirio yaliyokwisha kurekebishwa: darasani huonekana mdogo zaidi, kwa kuwa wengi waliopata alama za chini hawakuingia wakalinganishwa.

4. Kichujio chenye ujasiri kuliko vyote
Mtihani na GPA si vichujio pekee; kuna na kazi. Azimio la Musoma, Novemba 1974! Chama tawala, TANU, kiliamua kwamba anayetaka chuo kikuu afanye kazi kwanza, kisha aje na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Cheti cha Kidato cha Sita pekee hakikutosha tena. Leo vyuo vingi vya MBA duniani hudai uzoefu wa kazi. Tanzania ya wakati huo iliudai hata kwa shahada ya kwanza.