Pikapu Kuukuu ya Urithi: Tuiuzeje, na kwa Bei Gani?



Zaidi ya familia moja imetuuliza juu ya magari ya zamani yaliyoachwa mabandani na wazee wetu waliotangulia mbele ya haki. Wazee hao walifika Marekani wakati ambapo pikapu ya miaka thelathini ilipatikana kwa fedha kidogo, wakaitumia kubebea mbao, majiko na samani za wageni wapya, kisha siku moja wakaiegesha wasiiwashe tena. Leo wao hawapo na gari lipo. Watoto wakilitazama huona kutu na viota vya panya. Lakini yuko jirani ambaye kila akipita husimama na kuuliza kama bado lipo, na huyo hulitazama kwa jicho jingine kabisa.

Tumechagua kulieleza jambo hili kwa mfano mmoja tulioushuhudia, wa familia iliyopo Columbus, jimbo la Ohio, ambayo imeturidhia kuusimulia bila ya kutaja jina. Marehemu aliacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Katika tarika yake ilikuwamo pikapu ya Chevrolet 3100 ya mwaka 1954, haijawashwa kwa miaka mingi. Jirani alitaka kuitoa kwa dola 1,500, taslimu, siku ileile. Mwana mkubwa naye alikuwa tayari kuichukua yeye kwa bei hiyohiyo, akatwe katika fungu lake. Binti ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: nani amesema kwamba bei yake ni 1,500?

Swali hilo lilileta ubaridi kidogo nyumbani, kama ijulikanavyo. Lakini lilikuwa swali la haki. Mali ya warithi haigawiki mpaka thamani yake ijulikane, na anayetaka kuichukua kwa fungu lake ndiye wa mwisho kufaa kuikisia.

Ugumu wa kwanza ni kwamba sisi tumelelewa na hesabu nyingine ya magari. Kwetu, gari huthaminiwa kwa kazi iliyobaki ndani yake. Peugeot 404 ya mizigo tuliyoikuta utotoni ilipakwa rangi kila ilipobadilisha mwenyewe, ikatiwa injini ya gari jingine, ikachomelewa hapa na pale, na hapana aliyeona aibu, maana iliendelea kupakia. Katika soko la magari ya kale nchini Marekani mambo ni kinyume. Hapa mnunuzi hulipia kile ambacho hakijaguswa. Rangi ya kiwandani iliyopauka, kiti chenye kitambaa chake cha asili, injini iliyozaliwa na gari, vibao vidogo vya namba vilivyokaa mahali pake: hivyo vyote vikishatolewa havirudi, hata mtu awe na fedha kiasi gani. Ndiyo maana gari ambalo halijafanyiwa ukarabati hutafutwa na watu wawili tofauti, yule anayetaka kulihifadhi kama lilivyo, na yule anayetaka kuanza kazi yake mwenyewe bila ya kufukua makosa ya fundi aliyemtangulia.

Kwa hiyo nasaha yetu ya mwanzo kwa familia ilikuwa ni kutofanya kitu. Wasipake rangi. Wasisugue kwa brashi ya chuma. Wasijaribu kuiwasha kwa petroli iliyolala tangini miaka yote hiyo, maana petroli ya namna hiyo hugeuka kama gundi na kuziba kabureta. Mwana mdogo alipendekeza itengenezwe kwanza ndipo iuzwe, apate bei kubwa. Tukamwomba aende akaulize gharama za rangi peke yake. Alirudi kimya. Kazi nzuri ya rangi kwa gari la namna hii huweza kupita dola 10,000, na bado hujagusa breki, nyaya wala vioo. Ni mara chache muuzaji kurudishiwa fedha hizo.

Kusafisha kunaruhusiwa, tena kunapendeza, ila kwa hadhari. Kinyesi cha panya kikavu kisifagiliwe wala kupulizwa, kwani baadhi ya panya wa nchi hii hubeba kirusi kiitwacho hanta, chenye kushika mapafu na kuua. Kilowanishwe kwanza kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, kiokotwe kwa glavu, ndipo mtu apanguse.

Jambo la pili ni kulijua gari lenyewe kwa jina lake. Aina hii ya pikapu za Chevrolet ilitoka kiwandani kuanzia mwaka 1947 hadi mwanzoni mwa 1955, na katika miaka hiyo ndizo zilizoongoza kwa mauzo Marekani. Kwa hiyo si adimu, na wanaodhani wamepata kito kisicho na mwenziwe hujidanganya. Hata hivyo wingi huo una faida, kwa kuwa hadi leo sakafu, kona za chumba cha dereva, mipira ya milango na mbao za nyuma hutengenezwa upya na kuuzwa, na mnunuzi hulijua hilo. Namba 3100 ina maana ya nusu tani, yenye bodi fupi la inchi 78. Zile za 3600 na 3800, zenye bodi refu na uwezo mkubwa zaidi, kwa kawaida huenda kwa bei ya chini, ingawa kwa akili yetu ya kazi tungetarajia kinyume chake.

Mwaka 1954 nao una alama zake. Kioo cha mbele kilikuwa kimoja kilichopinda, ambapo miaka ya nyuma kilikuwa vipande viwili. Injini ya silinda sita ya inchi 235 za ujazo ilichukua nafasi ya ile ya 216, na hii mpya husukuma mafuta kwa shinikizo hadi kwenye fimbo za pistoni, jambo ambalo ya zamani haikulifanya. Wanunuzi wengi huipenda zaidi kwa sababu hiyo. Umeme wake ni wa volti 6. Wako pia wanaotafuta chumba chenye vioo vya kona nyuma ya dereva, na pikapu yenye vioo hivyo hupanda bei. Hii ya marehemu haikuwa navyo.

Namba ya gari imo kwenye kibao kidogo katika nguzo ya mlango wa dereva. Si ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17, ambayo ilianza na magari ya mwaka 1981. Ni fupi, na ndani yake mwaka husomeka kwa 54. Lazima ilingane na hati ya umiliki. Tunalisisitiza hili kwa kuwa katika baadhi ya majimbo magari ya zama hizo yaliandikishwa kwa namba ya injini, na injini ikibadilishwa hati hubaki ikitaja chuma ambacho hakipo tena. Mnunuzi makini akiona tofauti hiyo huondoka, au hukata nusu ya bei.

Tulikwenda kuikagua pamoja na fundi wa jumuiya yetu, mtu aliyezoea magari haya. Hakuanza na injini. Alipiga magoti akagonga kwa kidole kona za chini za chumba cha dereva, akainua zulia akachungulia sakafu, akatazama vikanyagio vya pembeni na mahali chumba kinapofungwa kwenye chesisi. Huko ndiko kutu hula kwanza, na huko ndiko kwenye gharama. Alikuta kona zote mbili zimetoboka na sakafu upande wa abiria imeoza kiasi cha kiganja. Chesisi ilikuwa nzima. Kisha akatoa plagi, akadondosha mafuta mepesi katika kila silinda, akayaacha siku mbili, akarudi kuizungusha injini kwa mkono bila ya kutumia umeme. Ikazunguka. Zungusho lile moja, kwa kukadiria kwetu, liliongeza zaidi ya dola 1,000, kwani injini iliyoganda humlazimu mnunuzi kuihesabu kama chuma chakavu.

Ndipo tukaingia katika bei. Kampuni ya bima ya Hagerty, yenye makao yake Traverse City, Michigan, hutoa mwongozo wa bei za magari ya kale kwa daraja nne: ya kwanza ni gari la maonyesho, ya nne ni gari linalotembea lakini lina ila zinazoonekana. Gari lisilowaka liko chini ya daraja ya nne, na hapa wengi huteleza, huchukua bei ya daraja ya tatu kwa kuwa ndiyo inayofurahisha macho. Mwongozo ni wa kuanzia tu. Kilicho bora ni kutafuta magari ya mwaka na hali kama hiyo yaliyokwisha kuuzwa, na kuandika bei iliyolipwa, siyo iliyoombwa. Yapo matangazo ya watu wanaoomba dola 15,000 kwa gari bovu, na tangazo lilelile hulikuta mwakani. Minada ya mtandaoni huonyesha bei ya mwisho, na jarida la Hemmings, lililoanzishwa mwaka uleule wa 1954, lina msaada wake. Binti alikaa jioni tatu akakusanya mauzo tisa. Aliyaondoa yaliyokuwa na injini za kisasa, maana hayo ni soko jingine, akabaki na matano. Hali zikilinganishwa, pikapu yao ilionekana kuwa baina ya dola 5,000 na 6,500.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tunaona kwamba pikapu yenye kutu hujiuza vizuri sana ikielezwa kwa ukweli. Tunalijua sote tukio la Mtume (S.A.W.) kutia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta maji chini na ukavu juu. Zulia jipya juu ya sakafu iliyooza ni rundo lilelile. Tangazo la familia lilitaja kona zilizotoboka katika mstari wa pili, likaambatana na picha thelathini, kumi kati yake za chini ya gari. Matokeo yake ni kuwa waliopiga simu walikuwa wachache na walijua wanachokifuata. Hapana aliyefika akajitia kushtuka ili apunguziwe.

Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 6,900, pawe na nafasi ya kupatana. Jirani alikuja na 3,000. Mwana mkubwa, ambaye sasa alikuwa na ari kuliko wote, alitaka kumwambia kwamba yupo mtu mwingine aliyetoa 6,000, ilhali hakuwapo. Mama yake akamkataza, na alikuwa sahihi: kupandisha bei kwa mnunuzi wa kubuni ni katika yaliyokatazwa. Siku kumi na moja baadaye alikuja seremala mmoja kutoka Indiana, akalala chini ya gari kwa nusu saa, wakapatana kwa 5,800.

Katika malipo tunaomba pawe na ukali. Hundi ya benki hughushiwa. Benki yako inaweza kukupa fedha kesho, kisha baada ya wiki kadhaa ikabainika kuwa ni ya uongo, na deni likawa juu yako. Anayetuma hundi iliyozidi bei na kuomba arudishiwe ziada ni mwizi, msijibizane naye. Nendeni na mnunuzi katika benki yake, hundi itolewe mbele ya macho yenu.

Gari la marehemu haliwezi kusainiwa na mtoto kwa kuwa tu funguo zi mfukoni mwake. Hati huhamishwa kwanza kwa utaratibu wa jimbo husika, mara nyingine kupitia mahakama ya mirathi, na huko Ohio saini ya muuzaji kwenye hati hutiwa mbele ya mthibitishaji. Kwa gari la mwaka 1954 tamko la maili halihitajiki kisheria, na ni afadhali, kwani mita yake ina tarakimu tano tu na ikifika 100,000 huanza upya.

Gharama za kuivuta pikapu hadi uwanjani pamoja na makaratasi zilikuwa dola 200. Katika 5,600 zilizobaki, na kwa kuwa marehemu hakuacha deni wala wasia, mjane alipata thumni, yaani 700. Wana wa kiume walipata 1,960 kila mmoja, na binti 980. Vibao vya namba, ambavyo Ohio hubaki kwa muuzaji na California huondoka na gari, vimo katika droo ya mama pamoja na nakala ya hati ya mauzo.